Lenzi ya pili: nilichojifunza kwa picha za bibi (Sehemu ya 14)

 

Leo tunapumzika kidogo na mambo ya homa, chanjo na uji wa lishe. Wiki iliyopita niliweka hapa picha ya mwanangu wa pili anakula uji jikoni, jioni, taa moja tu inawaka. Meseji zilizokuja zilikuwa nyingi kuliko hata siku niliyoandika kuhusu kuharisha. "Dada nesi, umenunua kamera gani?" "Hiyo ni simu gani?" "Mimi nina kamera lakini picha za ndani zinatoka kama moshi, nifanyeje?"

Nijibu moja kwa moja. Kamera ni ile ile ya siku zote, Canon 2000D. Kilichobadilika ni lenzi. Na kabla ya lenzi kuna kitu kingine kilichobadilika, ambacho hakina bei. Nitakifikia mwishoni, kwa sababu nilikijua kwa kuchelewa sana na bado kinaniuma.

Twende taratibu.

Picha zote za mwaka wa kwanza za binti yangu mkubwa zilikuwa kwenye simu. Simu ikaingia kwenye ndoo ya maji ya kufulia, haikuwaka tena. Kwa hiyo nilipopata ujauzito wa pili nikajiambia, huyu nitamnunulia kamera ya kweli. Nikajibana miezi kadhaa, nikanunua kamera iliyotumika ikiwa na lenzi yake ya kuanzia, ile iliyoandikwa 18-55mm. Wengi wenu mnayo hiyo hiyo. Inakuja na kamera, na wengine huiita lenzi ya mazoezi.

Mtoto alipofikisha miezi minne, mwezi wa sita, nikampeleka kwa bibi yangu mzaa mama, Kwihara. Kama wewe si wa Tabora, Kwihara ni nje kidogo ya mji wetu, pale penye makumbusho ya Livingstone. Alikaa pale mwaka 1872 baada ya Stanley kuondoka, akisubiri wapagazi na mizigo. Watu wanakuja kupiga picha ile nyumba, wanaondoka. Sisi kwetu ni kwa bibi tu.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya zamani, kuta nene za udongo, madirisha madogo. Ukiingia saa sita mchana kutoka juani unasimama kwanza macho yazoee. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake kule ndani kabisa, karibu na ukuta wa nyuma. Alikuwa amedhoofika. Mimi ni nesi, niliona miguu imevimba na pumzi inavyokatika akiongea, nikajua. Nikamwekea mtoto mapajani. Akacheka. Akamshika mkono, akaanza kumwimbia.

Nilipiga picha zaidi ya sitini. Kwenye kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera zilionekana nzuri. Katikati ya kupiga bibi aliniuliza, "Nisogee mlangoni, mjukuu wangu?" Nikamwambia, "Kaa tu hapo hapo bibi, umependeza."

Nilipofika nyumbani nikazifungua kwenye kompyuta ya shemeji yangu. Zote zimetikisika. Mkono wa bibi umekuwa mikono mitatu. Uso wa mtoto hauna macho. Iliyokuwa na afadhali imetoka nyeusi na ina chengachenga kama mchanga.

Nikasema, si mbaya, nitarudi. Zamu zikabana. Mwezi wa nane bibi akafariki.

Ndugu zangu, siku ya msiba waliniambia, "Wewe si una kamera kubwa, lete picha ya bibi ya kuweka juu ya jeneza." Sikuwa nayo hata moja. Tulikuza ile ndogo ya kwenye kadi yake ya mpiga kura. Bibi aliyecheka vile akazikwa na picha amekunja uso.

Nikailaumu lenzi. Niliamini kabisa kwamba ile lenzi ya kuanzia ndiyo imeninyima bibi yangu. Kwa hiyo tulipogawana kikoba mwezi wa kumi na mbili, nikatenga laki nne. Hapo ndipo nataka unisikilize vizuri, maana nilikaribia kuzitupa.

Nilikwenda kwa kaka mmoja anayeuza vifaa vya picha. Akanitolea lenzi ndefu, nzito, 75-300. "Dada, hii ndiyo lenzi. Unamvuta mtu aliyeko kule barabarani." Nikaijaribu, nikamvuta mwendesha bodaboda mpaka nikasoma maandishi ya fulana yake. Nilisisimka. Nikasema narudi kesho na hela.

Usiku baba watoto akaniuliza swali moja. "Picha gani uliyowahi kuikosa kwa sababu mtu alikuwa mbali?"

Sikuwa na jibu. Nikakaa nikafungua picha zangu zote za mwaka ule, zilikuwa 412. Nikachukua daftari kama la ripoti ya zamu, nikachora safu tatu. Zilizoharibika kwa sababu ya umbali: 3, zote za mahafali ya chekechea. Zilizoharibika kwa sababu chumba ni kidogo na watu hawakuenea: 21. Zilizoharibika kwa giza na kutikisika: 168.

Mama mwenzangu, ile lenzi ya laki nne ingetibu picha tatu. Ni sawa na mgonjwa kuja na homa ukamfunga bandeji mguuni.

Kwa hiyo jambo la kwanza: usianze dukani, anza na picha zako zilizoharibika. Hizo ndizo dalili. Kamera inaandika taarifa zake kwenye kila picha: ilikuwa milimita ngapi, tundu ngapi, kasi ngapi. Fungua picha, bonyeza sehemu ya taarifa, utaziona.

SASA TUNDU NI NINI?

Hapa ndipo wengi wanaachwa njiani, lakini wewe uliyewahi kulazwa na mtoto utaelewa haraka. Ndani ya lenzi kuna tundu linalofunguka na kujifunga, kama mboni ya jicho ninapomulika tochi. Ukubwa wake unaandikwa kwa namba baada ya herufi f: f/1.8, f/2.8, f/5.6. Na namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

Usishangae, sisi wodini tumezoea. Kanula ya njano anayowekewa mtoto mchanga ni namba 24. Ya rangi ya chungwa, ya mgonjwa anayepoteza damu nyingi, ni namba 14. Namba ndogo, bomba nene, maji yanaingia mengi kwa muda mfupi. Na lenzi ni hivyo hivyo, ila kinachoingia ni mwanga.

Ile lenzi yako ya 18-55, ukiivuta mpaka mwisho kwenye 55, tundu lake haliwezi kuzidi f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya hapo. Maana yake kwenye maisha ni hii: chumba ambacho kamera ililazimika kufungua dirisha lake kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, sasa inafungua kwa moja ya mia. Katika sehemu moja ya kumi ya sekunde mtoto ameshageuza shingo. Katika moja ya mia bado anakutazama.

Na ile ndefu niliyotaka kununua? Ikivutwa mpaka mwisho tundu lake nalo ni f/5.6. Ndani ya nyumba ya bibi isingenisaidia kitu, tena ukivuta mbali hata mtikisiko wa mkono wako unakuzwa.

NA MILIMITA?

Milimita chache, unaona eneo pana. Milimita nyingi, unaona kipande kidogo kwa karibu. Kamera zetu hizi za kuanzia zina kile kipande cha kupokelea picha kilicho kidogo kuliko cha kamera kubwa za kitaalamu, kwa hiyo 50mm kwenye Canon yetu inakata picha kama 80mm kwenye zile kubwa. Kwa uso wa mtu ni nzuri sana. Kwa familia ya watu sita sebuleni, utarudi nyuma mpaka ugonge kabati.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya jaribio hili la bure. Chukua lenzi yako ya 18-55, iweke kwenye 50, bandika kipande cha plasta isizunguke. Piga picha hivyo hivyo wiki nzima. Wiki ya pili iweke kwenye 35. Ya tatu kwenye 24. Utajua mwenyewe nyumba yako inataka ipi.

Mimi matokeo yangu yalikuwa hivi. 50 kwa nyuso, kumnyonyesha, kulala, bibi na babu: safi. 24 kwa jikoni, chumbani, watoto wote kitandani: safi. 35 ilikuwa katikati, na kwa mwenye hela ya lenzi moja tu ni chaguo zuri, hasa wenye Nikon, maana ipo 35mm f/1.8 iliyotengenezwa kwa kamera hizi ndogo.

Kwa ufupi:

1. Nyumba ina giza na unapenda nyuso: 50mm f/1.8. Ndiyo rahisi kwa bei kuliko nyingi, nyepesi, haizidi uzito wa embe dogo.

2. Chumba ni kidogo na watu ni wengi: 24mm f/2.8 kwa Canon. Mwanga ni kama mara mbili tu ya ile ya kuanzia, sio mara kumi, lakini inaenea, na unaweza kuikaribia sana sura ya kichanga.

3. Mtoto anacheza mpira uwanjani au una mahafali kila mwaka: hapo ndiyo utafute ndefu, kama 55-250. Mchana, juani, itakupa raha.

4. Picha zako nyingi ni za nje, mchana, na zinatoka vizuri: usinunue chochote. Nasema kweli. Lipa bima ya mtoto.

Usinunue tatu kwa pamoja. Na kwetu huku tuna mfano wa zamani. Speke na Grant walipopita njia hii ya misafara kuelekea Nyanza, walianza safari Zanzibar mwaka 1860, wakafika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, mwaka 1861. Grant alikuwa amepewa kazi ya kupiga picha. Speke mwenyewe aliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba baada ya muda alivirudisha vile vyombo, aliona kazi ile ni nzito mno kwa hali ya hewa ya huku. Grant akaendelea kwa kuchora na rangi za maji. Na mizigo ile yote ilikuwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, mababu wa watu ninaowahudumia kila siku. Mimi mzigo wangu ni mtoto mgongoni, mkoba wa nepi, na chupa ya maji. Lenzi isiyoingia kwenye mkoba wa nepi itabaki kabatini.

UKINUNUA ILIYOTUMIKA

Wengi tutanunua zilizotumika, hakuna aibu. Angalia haya:

Hakikisha inaingia kwenye kamera yako. Kamera kama yangu inapokea lenzi za Canon zilizoandikwa EF na EF-S. Zilizoandikwa RF ni za kamera mpya zisizo na kioo ndani, hazitaingia. Wenye Nikon za familia ya D3000 na D5000, tafuta iliyoandikwa AF-S, maana kamera hizo hazina mota ya kuzungusha zile za zamani za AF-D. Utabaki unafokasi kwa mkono huku mtoto anakimbia.

Mulika tochi kupitia kioo chake, kama ninavyoangalia mboni. Vumbi kidogo si tatizo. Ukiona nyuzi nyuzi kama buibui, hizo ni fangasi. Acha.

Nenda na kamera yako, ifunge pale pale. Piga karibu, piga mbali, sikiliza kama fokasi inakwama. Piga picha na tundu likiwa wazi kabisa, kisha likiwa f/8, uone kama linabadilika.

Ukifika nayo nyumbani, kumbuka vumbi letu la kiangazi. Badilisha lenzi ndani, haraka, kamera ikitazama chini. Masika ihifadhi pakavu. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinafaa, ila viwe mbali kabisa na watoto, wanaviweka mdomoni.

Mimi nilipata 50mm f/1.8 kwa laki mbili na nusu. Iliyobaki ikaenda kwenye ada ya binti. Kitufe cha juu nakizungusha kwenye Av, wenye Nikon ni A, naweka f/2.2 badala ya 1.8 yenyewe, kwa sababu tundu likiwa wazi kabisa jicho moja linakuwa kali na jingine linafifia. Watoto wakiwa wawili naweka f/4 na kuwapanga wawe sawa. Kasi ikishuka chini ya moja ya mia na ishirini na tano, naongeza ISO. Chengachenga kidogo zinavumilika, mtoto aliyetikisika huwezi kumrudisha.

NENO LA KINESI

Kwa wenye vichanga, hasa mliojifungua kabla ya wakati na mnalea kwa kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Wengi mnaogopa kwamba flashi inapofusha. Hilo si kweli, lakini inamshtua mtoto na inamwamsha, na usingizi ndio unaomkuza. Lenzi yenye tundu kubwa inakuondolea haja ya flashi. Futa kamera, nawa mikono baada ya kuishika, ndipo umshike mtoto. Uliza ruhusa wodini. Na asiingie mama mwingine kwenye picha yako bila kukubali. Kitanda cha pili kina mtu anayepitia mambo yake.

SASA LILE LINALONIUMA

Siku ya kuanua matanga nilirudi Kwihara na lenzi yangu mpya. Nilitaka kujaribu kwenye kile chumba. Kweli, ilifanya vizuri, hata kule ndani kwenye kiti cha bibi.

Halafu mama mdogo akaleta kigoda, akakaa mlangoni, hatua moja ndani ya kizingiti, anachambua mchele. Mwanga wa nje ulikuwa unamwangukia uso upande mmoja, laini kabisa. Sijui kwa nini, nikatoa ile mpya nikafunga ile ya zamani, ile ya 18-55 niliyoichukia nusu mwaka. Nikapiga picha moja.

Ilitoka kali. Ungehesabu mikunjo ya macho yake. Ungehesabu punje za mchele.

Nilikaa chini. Kumbe haikuwa lenzi. Kutoka kiti cha bibi mpaka mlangoni ni hatua tano. Angeweza kwenda kwa kushikwa mkono, nimeshika mikono ya wagonjwa dhaifu kuliko yeye, ndiyo kazi yangu. Na yeye mwenyewe aliniuliza. "Nisogee mlangoni, mjukuu wangu?" Mwanamke ambaye hakuwahi kushika kamera alijua mahali penye mwanga, kwa sababu miaka yote alichambua mchele, akashona na kukagua macho ya watoto wagonjwa pale pale mlangoni. Mimi mwenye kamera nikamwambia akae tu.

Kwa hiyo mama mwenzangu, mpangilio ni huu. Kwanza fungua mlango, vuta pazia, msogeze unayempenda kwenye mwanga. Pili jifunze tundu na kasi ya lenzi uliyonayo. Tatu, kwa zile saa ambazo hakuna mlango wa kufungua, saa nane za usiku ukinyonyesha, jioni umeme umekatika na taa ya kuchaji ndiyo imebaki, hapo ndipo ununue lenzi yenye tundu kubwa. Picha ya uji iliyowaleta hapa ni ya saa hizo. Sijutii laki mbili na nusu yangu. Najuta zile hatua tano.

Kazi ya nyumbani: leo watoto wakilala, chagua picha zako 20 zilizoharibika, uchore safu tatu kama mimi: umbali, nafasi, giza. Niandikie hapa chini ipi imeongoza, nitakujibu nikitoka zamu.

Na kama una mzee nyumbani, kesho asubuhi mpe mkono, mwambie, "Njoo tukae mlangoni kidogo." Hata kama una simu tu.

Sehemu ya 15 nitaandika jinsi ya kuhifadhi picha zisife na simu kama za binti yangu.

Usiku mwema. Wanao wenye homa, wasalimieni.